Siku moja maishani mwangu: DJ wa kicheni pati, najifunza kuskrachi

Mi napiga mziki kwenye kicheni pati na sendofu hapa Dar, ndo kazi inayonilipia kodi ya nyumba, na kwa miezi kadhaa sasa najifunza kuskrachi, yani kusogeza sauti mbele na nyuma kwa mkono mpaka ilie kama inakwaruzwa, kwenye kontrola, ile mashine ya DJ yenye sahani mbili inayounganishwa na laptopu. Wadada wanaotaka kuingia kwenye u-DJ huwa wananiuliza kama kuskrachi kunawezekana kwenye kontrola ndogo ya chaneli mbili au mpaka uwe na zile santuri na mashine zake. Kunawezekana kabisa. Nawaandikia Jumamosi yangu moja yote ilivyokwenda, muone mazoezi yanaingiaje katikati ya kazi.

Saa 11 na nusu alfajiri

Nimeshaswali, chai ya rangi nimeiweka mbali na laptopu, hedifoni kichwani. Huu ndo muda wangu kwasababu kwenye nyumba ya kupanga ukifungulia spika saa hizi utaamsha korido nzima, na pia asubuhi mikono inakuwa mikavu. Hili la mikono nalisisitiza sana. Ile sahani ya kontrola upande wa juu inahisi ngozi, yani haijali umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, inachoangalia ni kidole kimegusa au hakijagusa, sasa kama umetoka kujipaka losheni au jasho linakutoka vidole vinateleza na sauti inakatika ovyo. Kwahiyo losheni napaka nikimaliza. Na ukishika pale pembeni, kwenye ukingo, hapo huskrachi, hapo unausukuma tu wimbo au unauzuia kidogo ili biti zikae sawa. Skrachi iko juu.

Kabla sijaanza naingia kwenye mipangilio. Krosifeda, ile swichi ya kuteleza kushoto na kulia inayochagua sauti ya upande gani isikike, naiweka kwenye mkato mkali, maana ikibaki kwenye ule mteremko wa kuchanganyia nyimbo sauti inaingia taratibu na skrachi inatoka butu. Bafa ya sauti, yani muda ambao laptopu inajipa kuandaa sauti kabla ya kuitoa, naishusha mpaka laptopu inapoanza kukwaruza, halafu naipandisha hatua moja. Bafa ikiwa kubwa unasukuma sahani sasa hivi sauti inakuja baadae kidogo, na huko kuchelewa hata kuwe kudogo kiasi gani mkono unapotea kabisa, mtu anaweza kukaa mwaka mzima anadhani hana kipaji kumbe ni mipangilio tu.

Sauti ya mazoezi ni ile "aaah" ya kiroboti ambayo kila anayeskrachi duniani anaijua, imetoka mwishoni mwa santuri ya msanii wa hip hop Fab 5 Freddy ya mwaka 1982. Nimeiwekea hoti kyu, alama ya kurukia kwa kitufe kimoja, pale pale inapoanza. Wenye santuri wanabandika stika ili wajue sauti iko wapi, sisi wa kontrola tunaangalia mstari kwenye skrini, ila nawashauri baada ya muda mfumbe macho, mkono uijue njia wenyewe.

Biti ya hip hop ya BPM 85, yani mapigo 85 kwa dakika, inazunguka kwenye lupu, naanza bebi skrachi. Hii haina krosifeda, ni mkono mmoja tu, mbele nyuma mbele nyuma. Hesabu moja-na-mbili-na-tatu-na-nne-na, mbele ikae kwenye namba, nyuma ikae kwenye "na". Watu wanairuka hii wanakimbilia krabu na fleya, skrachi ngumu za krosifeda walizoona kwenye video za bingwa wa skrachi DJ Q-Bert, na mi naona hapo ndo wanapojichelewesha. Bebi ikiwa safi, umbali wa kwenda na wa kurudi sawasawa, kila ukirudi unarudi pale pale aaah inapoanza, tayari una kitu cha kupeleka ukumbini. Ikishakaa, nabadilisha hesabu, badala ya mbili kwenye kila pigo naweka tatu, halafu nne, halafu narudi mbili bila kusimama. Kubadilisha bila kusimama ndo kazi yenyewe.

Saa 12 na nusu

Leo muda mwingi nimeipa chapu, skrachi ya mikono yote miwili. Unaanza krosifeda ikiwa wazi, unasukuma sahani mbele na hapohapo unafunga, halafu unarudisha sahani nyuma huku unafungua. Yani mikono miwili inaondoka pamoja na inarudi pamoja. Kinachotokea ni kwamba ile sehemu mkono unapogeuka inamezwa, haisikiki, unabaki na milio miwili mifupi mikavu, mmoja wa kwenda mmoja wa kurudi. Ukisikia ule mlio wa kugeukia ujue umefunga ukiwa umechelewa, na dawa yake ni moja, shusha biti. Mi nashusha hadi 70, nafanya polepole mpaka inachosha kusikiliza, ndo napandisha.

Krosifeda naishika kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, kiganja kimeegemea mwili wa kontrola, kifundo kimelegea. Ukikaza mkono bega linapanda, bega likipanda umeshachoka na tempo inakukimbia. Wengi macho yao yako kwenye mkono wa sahani kwasababu ndo unaoonekana unafanya kazi kubwa, lakini mkono wa krosifeda ni kama mpiga dumbaki kwenye taarabu, ukikosea yeye wote mnasikia.

Halafu nikafanya jambo nililokuwa nalifikiria wiki nzima. Leo jioni nina kicheni pati Sinza, na sikutaka kuwapelekea wamama aaah ya kiroboti, ya nini? Nilimrekodi mama mdogo kwenye simu, nikamwomba aseme "mwali", "haya" na "karibuuu". Nikaziingiza zote kwenye programu nikazijaribu moja moja. "Mwali" inaanza laini, ile m inavuta, ukiirudisha rudisha inakuwa mnong'ono. "Haya" ni pumzi tupu mwanzoni. "Karibu" ndo yenyewe, K inakata, ukisukuma kidogo tu unapata "ka", ukiachia inatiririka yote na ile u ndefu mwishoni. Ka-ka, ka-ka, karibuuu. Nikaifanyia mazoezi mpaka jirani akaanza kufagia nje.

Saa 3 asubuhi

Mwenyekiti wa kamati kapiga simu.

"Shikamoo anti."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Sikiliza, wamama wanataka taarabu za zamani kwanza, hizo za vijana weka baadae. Na mwali akiingia mziki usikatike hata kidogo."

"Hautakatika anti."

Nikakaa kupanga nyimbo. Taarabu huku, zuku na rumba huku, bongo fleva, amapiano, mwisho kabisa singeli.

Saa 6 mchana

Kariakoo mara moja kununua kebo ya akiba, jua kali, watu kama kawaida, nikarudi.

Saa 8 na nusu mchana

Bajaji imejaa, mi na dogo anayenisaidia tumebanana na stendi za spika. Kontrola yenyewe naipakata, sipendi ikae chini inatikisika, krosifeda ni kitu chepesi na vumbi la barabarani likiingia humo itaanza kukwaruza. Foleni imesimama. Dogo akaniuliza, "Dada, hivi haya mambo ya kuskrachi nani aliyaanzisha?"

Nikamsimulia. Bronx, New York, katikati ya miaka ya 1970, kijana mdogo anaitwa Theodore, baadae Grand Wizzard Theodore, yuko chumbani anapiga mziki kwa sauti kubwa, mama yake akaja mlangoni kumgombeza. Theodore akaizuia santuri kwa mkono ili amsikilize mama, na ule mkono ukawa unaisogeza sogeza, akasikia kitu kwenye hedifoni. Mama alipoondoka akakifanyia kazi hicho kitu mpaka akakipeleka kwenye pati. Halafu mwaka 1983 Herbie Hancock, mtu mkubwa kabisa wa jazi, akatoa wimbo wenye skrachi za GrandMixer D.ST na dunia nzima ikausikia.

"Na mashine zao zilikuwa kama hii?"

Hapana. Zile kubwa zinazosifika zaidi ni Technics SL-1200, zilianza kutengenezwa mwaka 1972, mota inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, kwahiyo ina nguvu, unazuia santuri kwa juu na sahani chini yake inaendelea kuzunguka kwenye kitambaa kinachoteleza. Kontrola yangu sahani haizunguki yenyewe. Inasoma tu mkono umekwenda wapi na kwa kasi gani, inaiambia laptopu, laptopu ndo inachezesha sauti. Ndo maana ukiachia husikii ule mvuto wa mota mkononi, unatakiwa uwe umeachia wewe kwa wakati wake. Kuna watu wanasema basi hiyo sio skrachi halisi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mkono ni uleule, krosifeda ni ileile, muda ni uleule, na sikio la mtu aliyekaa mezani haliulizi mashine.

Saa 10 jioni

Kadi imeandikwa saa 9. Ukumbini tupo sisi, wapambaji, na dada wa keki. Nafunga vyombo, najaribu sauti, dogo anazunguka kona zote kusikiliza besi. Nikaipiga "karibu" mara moja kwenye spika kubwa, kwenye hedifoni K ilikuwa imekaa vizuri lakini humu ukumbini inachoma, nikapunguza sauti za juu kwenye chaneli hiyo na kuiacha hivyo.

Saa 12 na robo

Wamama wameanza kujaa, sare ya kitenge cha njano, taarabu inatembea, watu wanatunzana. Sehemu hii siskrachi kabisa. Taarabu ina maneno na watu wamekuja kuyasikia, kila mstari una mtu wake ukumbini, ukiingiza mkono hapo katikati unakuwa umemkatisha mtu anayeongea. Kujua pa kunyamaza ni nusu ya ufundi na sijaona video inayofundisha hilo.

Saa 1 na nusu usiku

MC kanipa ishara, mwali yuko mlangoni, kafunikwa khanga, somo wake kamshika mkono. Wimbo wa kuingilia uko deki ya kulia, yani upande wa sahani ya kulia, biti yake BPM 96, "karibu" iko deki ya kushoto, krosifeda katikati. Nikangoja waimbaji wanyamaze, kuna vipande vinne vya mziki mtupu kabla ya ubeti wa pili, nilishavihesabu nyumbani. Kipande cha kwanza nikaacha. Cha pili, ka-ka, ka-ka, bebi tupu, mbele kwenye namba nyuma kwenye "na". Cha tatu nikaingiza chapu mbili. Cha nne nikaachia, karibuuu.

Na wamama wakaitikia! Sikuwapanga, MC hakuwapanga, meza ya mbele wote kwa pamoja, "Ahsanteee!" Bibi mmoja akasimama na kupiga kigelegele. Nilishtuka mpaka mwili ukasisimka. Nikangoja kiitikio kiishe, nikapata nafasi nyingine, nikarudia, ka-ka, ka-ka, karibuuu, na safari hii ni ukumbi mzima, ahsanteee, mwali anatembea hatua kwa hatua kumfuata somo. Sauti ya mama mdogo, aliyeketi zake nyumbani, inamkaribisha mwali wa watu Sinza. Nilikuwa nimefanya skrachi za msingi kuliko zote, zile za kwanza kabisa kufundishwa, na hakuna aliyehitaji zaidi ya hapo.

Kwenye mafunzo na zawadi nikashusha mziki chini kabisa, hapo ni masufuria, mabeseni na maneno ya wakubwa ambayo hayaandikwi hapa.

Saa 3 na dakika 20

Sasa wote wamevua viatu. Amapiano ya 112 iko hewani na najua wanachokisubiri. Singeli zinakimbia, 200 na kupanda juu, na DJ wengi wakifika hapo wanakata mziki ghafla, kimya, halafu wanaangusha singeli. Inafanya kazi, ila kuna njia tamu zaidi. Singeli ya 224 ukiihesabu pigo moja ndiyo moja sio, inakaa kwenye 112. Hesabu ni ileile! Kwahiyo mkono hauna haja ya kukimbizana nayo. Amapiano ikiendelea, nikashika pigo la kwanza la singeli kwenye deki ya kushoto, nikalifanyia bebi kwa mwendo wa amapiano, polepole, vipande viwili, watu wanasikia kuna kitu kinagonga mlango lakini miguu bado iko kwenye mwendo wa zamani. Kipande cha mwisho nikaongeza hadi nne kwenye kila pigo, nikaachia mkono kwenye moja na krosifeda ikaenda yote kushoto. Meza zikasogezwa. Dogo ilibidi ashike stendi ya spika.

Saa 6 usiku

Nyumbani. Kabla ya kulala nimehamisha kwenye laptopu kile kigelegele cha yule bibi. Alipokipiga tena wakati wa singeli nilimwomba ruhusa nikamrekodi na simu, akacheka akanipa kingine kirefu zaidi. Kesho naanza transifomu, na transifomu inataka sauti ndefu isiyobadilika sana, unaiburuza polepole kwa mkono mmoja huku krosifeda imefungwa na unaifungua kwa vigongo vifupi vya kidole gumba, vinne kwenye kila pigo. Kigelegele chenyewe tayari kinatetemeka, kwahiyo sijui... hapana, najua, ntakishusha kasi kwanza ule mtetemo utanuke, halafu ndo nikate juu yake. Biti 75. Dogo naye anakuja saa 4 aanze bebi.