Mataa aliyoyaona Mjomba

Mjomba wangu si mtu wa kuzusha. Ni mvuvi wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na amekesha baharini tangu ujana wake. Kwa hiyo wiki iliyopita, alipotuma sauti kwenye grupu ya familia akieleza msururu wa mataa uliompita juu ya dau lake, mimi niliamini kila neno.

Grupu ikachafuka. Kuna aliyesema ni ndege za kijeshi. Kijana mmoja wa Mombasa akasema ni vyombo vya viumbe wa sayari nyingine, akaleta na video. Shangazi akasema hizi ni alama za siku za mwisho, watu wazidishe ibada. Kisha binamu mmoja akaandika maneno matatu, "hizo ni Starlink", yaani setilaiti za kupeleka intaneti, akatia na vikatuni vya kucheka. Jibu lake lilikuwa sahihi, na ndilo lililoniuma kuliko yote, maana baada ya hapo Mjomba hakusema tena.

Nilimpigia jioni yake. Shikamoo, marahaba, habari za upepo, habari za nyavu. Kisha nikamwomba anisimulie upya, polepole, bila kuniambia anadhani ni nini. Aniambie alichokiona tu.

Ilikuwa saa moja na robo usiku, watu wameshaswali Magharibi. Mataa yalitokea kusini-magharibi, moja nyuma ya jingine, hayapepesi, hayana mlio. Yakapita karibu na utosi yakaelekea kaskazini-mashariki, huko baharini. Alijaribu kuyahesabu akapotea njiani. Halafu akasema jambo ambalo hakuna mtu kwenye grupu aliyejishughulisha kumuuliza: "Mwanangu, hayakutua wala hayakuenda mbali. Yalizimika. La kwanza lilizima shibiri moja juu ya maji. La pili likaja likazima pale pale. La tatu pale pale, hivyo hivyo mpaka la mwisho, utadhani pana mlango."

Nilitulia kwanza. Shibiri ya mkono ulionyooshwa ni takriban digrii 20 za mbingu, na wavuvi wa kwetu hupima hivyo bila kufikiri. Setilaiti haina taa yake. Tunaiona kwa sababu jua linaipiga. Sisi huku chini tunasema jua limezama, lakini kwa kitu kilicho kilomita 300 juu, jua bado halijazama. Wakati huo huo kivuli cha dunia yenyewe kinainuka upande wa mashariki, kutoka baharini kwa mtu wa pwani yetu. Setilaiti ikifika ukingo wa kivuli hicho inazima, na kwa kuwa zote zinafuata njia moja, zote huzimia mahali pamoja.

Nilichukua kalamu. Kama jua limezama kwa dakika 45 hivi, setilaiti iliyo kilomita 300 juu ikielekea mashariki huingia kivulini ikiwa imekupita kwa karibu kilomita 700, na kwa aliyekaa dauni Ngomeni, hapo ni kama digrii 20 juu ya upeo wa macho. Shibiri moja! Mjomba alikuwa amepima kwa mkono wake mahali kivuli cha dunia kinapoanzia, na sisi tukamrudishia vikatuni vya kucheka.

Hili ndilo ninalotaka kuliandika leo. Anayesema ameona kitu cha ajabu angani mara nyingi ameona sawasawa. Panapoteleza ni pale anapotakiwa kusema kilikuwa mbali kiasi gani, kikubwa kiasi gani, na ni cha nani. Taa gizani haina kipimo. Jicho halina la kulinganisha nalo, kwa hiyo taa iliyo kilomita mamia inaweza kuonekana iko juu ya mnazi.

Tena mbingu yenyewe imebadilika. Mei 2019 kampuni ya SpaceX ilirusha kundi la kwanza la setilaiti 60 za Starlink kwa roketi moja. Usiku uliofuata Marco Langbroek, mtu aliyebobea kufuatilia setilaiti, alizirekodi zikipita juu ya Leiden, Uholanzi, kwa mstari mmoja ulionyooka. Tovuti moja ya Uholanzi inayopokea taarifa za vitu visivyojulikana angani ilipata taarifa zaidi ya 150. Hizi zilikuwa taarifa za watu wa nchi iliyosoma, wenye simu na kamera. Setilaiti hizo hufuatana karibu karibu siku za mwanzo tu baada ya kurushwa. Baadaye hutawanyika na kupanda mpaka kama kilomita 500, na mstari ule hauonekani tena. Sasa ziko juu kwa maelfu. Mvuvi aliyezijua nyota maisha yake yote hakuwahi kuona kitu kama hicho kwa sababu hakikuwapo.

Kisa kinachonifikirisha zaidi ni cha zamani. Tarehe 3 Machi 1968, mabaki ya safari ya Zond 4, chombo cha anga cha Wasovieti, yaliingia angahewani na kuungua juu ya Marekani. Yalikuwa vipande vinavyowaka, kila kimoja peke yake, vikifuatana. Wengi walieleza hivyo hivyo. Lakini baadhi ya mashahidi, watu wa heshima zao, walieleza chombo kimoja kirefu chenye umbo la sigara na madirisha yanayong'aa ubavuni. Kisa hicho kimo katika ripoti ya Chuo Kikuu cha Colorado iliyochunguza mambo haya kwa ajili ya jeshi la anga la Marekani. Taa zilikuwepo kweli. Ule ubavu wa giza uliozishika pamoja, akili za waonaji ndizo zilizouchora. Nilimuuliza Mjomba kama aliona kiwiliwili chochote kati ya taa na taa. Akanijibu papo hapo: "Kati yake niliona nyota."

Na hofu ya watu nayo nisiidharau. Tarehe 30 Disemba 2024 pete ya chuma ya upana wa mita 2.5 hivi, uzito wa kilo 500, ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilisema ni kipande cha roketi. Mwanakijiji aliyeona chuma hicho shambani hawezi kuambiwa kuwa ya mbinguni hayamhusu.

Halafu Ngomeni si mahali pa kuwafundisha watu setilaiti kana kwamba ndiyo kwanza wanalisikia neno. Mbele ya kijiji, baharini, Waitaliano walijenga majukwaa ya San Marco, na roketi za kubeba setilaiti zilirushwa pale tangu 1967 mpaka 1988. Tarehe 12 Disemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, wakaiita Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha miale hiyo, huenda ni shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkubwa hata nuru haitoki. Mjomba alikuwa mtoto mdogo wakati ule. Nilipomtajia, alicheka kwa furaha, akaniambia moshi wake anaukumbuka.

Nikamweleza habari ya kivuli. Hakusema sana. Siku kadhaa baadaye akanipigia yeye, saa ambayo kwa kawaida amelala. Alikuwa amekaa akitazama. Usiku wa manane, akasema, hakuna taa hata moja inayotembea. Kabla ya alfajiri zinaanza tena, ila sasa zinawaka ghafla upande wa bara na kuja kwetu. "Kwa hiyo kile kivuli alfajiri kimehamia magharibi?" Nikamwambia ndivyo, na ndiyo sababu usiku wa manane hazionekani: zimo ndani yake zote.

Sasa ana taa nyingine ya kuniuliza. Inatoka kaskazini kwenda kusini, moja peke yake, inawaka ikafifia, inawaka ikafifia, kwa mwendo ule ule. Nadhani ni roketi tupu iliyoachwa juu, inayopinduka na kumulikwa na jua ubavu mmoja mmoja, lakini sitaki kumjibu kwa kudhani. Nimemwomba saa, upande na shibiri. Ameniambia nimsubiri Ijumaa, siku asiyokwenda baharini.