Maji ya rejeta yalikuwa yanaenda wapi?

Wiki ya tatu sasa gari langu kuukuu la dizeli linakunywa maji ya rejeta. Chini hakuna hata tone. Thamostati (vali inayoruhusu maji kupita injini ikipata moto) nimeshabadilisha, pampu haivuji, lakini kila nikipanda mlima mshale wa joto nao unapanda.

Leo asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nimefungua mfuniko, nikajaza maji, nikawasha.

Mapovu.

Hayakomi.

Nikafunga mfuniko, nikashika mpira wa juu wa rejeta. Dakika chache tu umekuwa mgumu kama mti, na maji bado baridi! Nimebaki nimeushika, moyo umenishuka.

Gesi ya silinda inapenya kwenye njia ya maji. Ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda) na bloku ya injini, au hedi yenyewe ina ufa.

Kesho fundi anaishusha ikapimwe.

Mliopitia hili, hedi zenu zilipona?