Msimu wa Paundi 132

Mara ya kwanza kumwona kijana wangu akishindana mieleka, alilazwa chali kabla sijakaa vizuri. Sekunde 41. Dada yake alikuwa bado kwenye foleni ya soda. Refa akapiga mkeka kwa kiganja, watu wa upande wa pili wakashangilia, na mimi nikajikuta nashuka zile ngazi za jukwaa, kitenge begani, naenda kumwinua mwanangu. Mama mmoja wa Kizungu akanivuta mkono nikakaa. Kiingereza changu kilidaka nusu ya maneno yake: mtoto hana shida, tulia, atacheza tena baada ya saa moja.

Tena? Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta ufunguo wa gari.

Tunaishi Des Moines, Iowa. Kwetu ni Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo, lakini huyu kijana alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, na kuja huku akiwa na miaka minane. Novemba ya 2024, akiwa na miaka 16, alileta karatasi ya shule niisaini. Nikasoma, nikaona mieleka, nikawaza kachi, ile mieleka ya maonyesho ya Kinshasa: watu wazima wamejipaka chokaa usoni, mmoja anatoa hirizi, mwenzake anaanguka hata hajaguswa. Nikasema kwangu hapana. Baba yake, ambaye anafanya kazi kiwanda cha nyama na zamu yake ni ya usiku, akaichukua karatasi akaisaini huku anakunywa chai. Kiwandani wazee wa hapa wanaongea mieleka kama sisi tunavyoongea mpira. Wana mtu wao anaitwa Dan Gable, alichukua dhahabu ya Olimpiki Munich mwaka 1972 bila mpinzani hata mmoja kupata pointi kwake. Mume wangu alikuwa ameambiwa habari hiyo mara kumi, kwa hiyo aliona mtoto ameingia kwenye jambo la heshima.

Kilichonisumbua mimi hakikuwa kuanguka. Kilikuwa sahani.

Mieleka ya shule huku ni ya uzito. Kuna madaraja 14, kuanzia paundi 106 hadi 285, na kila daraja timu inaingiza mtu mmoja tu. Mwanangu alipimwa mwanzo wa msimu akawa na 141. Daraja la 138 lilikuwa na kijana wa mwaka wa mwisho, mwenye shingo kama kinu, na wakishindana mazoezini mwanangu hamwezi. Daraja la 132 lilikuwa wazi. Basi akapiga hesabu zake mwenyewe, hakumwambia mtu.

Nilianza kuona kwa bugali. Anamega tonge moja, anazungusha kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, anasema ameshiba. Kesho yake ameshiba. Keshokutwa amekula shuleni. Usiku mmoja narudi kutoka kwa jirani namkuta kwenye ngazi za jengo letu, amevaa masweta matatu na kofia, anapanda na kushuka mbio, mkononi chupa ya plastiki anayotemea mate. Nikamuuliza, "Papa," ndivyo ninavyomwita, "unaumwa?" Akasema anapunguza maji mwilini.

Naomba mnielewe. Mimi nimesimama kwenye mstari wa posho miaka kumi na zaidi. Najua unga unavyopimwa, najua uso wa mtu anayesoma mizani akakwambia imetosha wakati haijatosha. Kuna miezi mgawo ulipungua nikawa nawapa watoto, mimi nakunywa maji ya moto na chumvi. Sasa nimefika nchi yenye chakula mpaka kinatupwa, na mtoto yule yule anakataa kula kwa hiari yake, na amenunua mizani akaiweka bafuni kwangu. Usiku ule nilipiga kelele maneno ambayo sitayaandika hapa. Na yeye akanijibu, jambo ambalo hajawahi: "Mama, wewe huelewi."

Kweli, sikuelewa. Asubuhi nikamchukua binti yangu awe mdomo wangu, tukaenda kwa kocha.

Nilikwenda nimejiandaa kugombana, maana niliamini yeye ndiye amemfundisha. Kocha aliposikia habari ya masweta alibadilika rangi. Akatoa karatasi. Kumbe siku ile ya kupimwa hawakupima uzito peke yake; walipima mkojo kwanza, kuona kama mtoto ana maji ya kutosha, halafu wakapima mafuta ya mwili. Mvulana haruhusiwi kushuka hadi chini ya asilimia 7 ya mafuta. Kompyuta ikatoa uzito wa chini kabisa anaoweza kushindania: kwa mwanangu ilikuwa 131 na ushee. Na hawezi kufika huko kwa mwendo anaotaka. Sheria ni asilimia moja na nusu ya uzito kwa wiki, yaani kwake paundi mbili hivi. Kutoka 141 hadi 132 ni zaidi ya wiki nne. Kujitoa jasho kwa nguo za mpira au plastiki, au kwa chumba cha joto, ni marufuku.

Halafu akatueleza kwa nini. Mwaka 1997, katika muda wa wiki chache, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walikufa wakipunguza uzito, mmoja wao jimbo jirani la Wisconsin. Baada ya vile vifo sheria zikakazwa. Binti yangu alipokuwa akinitafsiria hapo sauti ilimkatika, na kaka yake aliyekuwa amesimama mlangoni akaangalia viatu vyake.

Tulipatana hivi, mezani, baba yake akiwa shahidi. Kijana atakula nasi kila siku, sahani haikataliwi. Mimi nitapunguza mawese kwenye sombe, na bugali lake litakuwa la ukubwa wa ngumi yake, si yangu. Asubuhi mayai na uji. Soda basi. Ndakala, yaani dagaa, nitachemsha na nyanya badala ya kukaanga, jambo ambalo mume wangu analilalamikia hadi leo. Maji anakunywa, na chupa ya mate niliitupa mwenyewe. Akifika 132 kwa mwendo wa ile karatasi, vizuri. Asipofika, anabaki 138 na timu ya pili.

Akafika. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi alisimama kwenye mizani ya shule, 131 na nusu. Akanipigia simu kama mtu aliyepata visa.

Kutazama nako nilijifunza polepole. Yule mama aliyenivuta mkono, ambaye mwanawe alikuwa daraja la 157, ndiye mwalimu wangu. Majina ya Kizungu yananitoroka, kwa hiyo nikawa nawaita kwa uzito: Mama 157, Baba 190, Bibi wa 106. Waliposikia maana yake walicheka, nao wakaniita Mama 132. Kumwangusha mwenzako pointi tatu. Kujinasua ukiwa chini, moja. Kumgeuza wewe ukawa juu, mbili. Mabega yote mawili yakikaa mkekani sekunde mbili, kwisha. Nilifurahi kuona hata wao wanakosea, maana kuangusha kulikuwa pointi mbili hadi msimu uliotangulia na Baba 190 alikuwa bado anahesabu za zamani, anamzomea refa bure.

Lililonichukua muda ni hili: mwanangu alipoteza mchezo mmoja 9 kwa 4, nikamwona kocha anamkumbatia. Nilidhani anamfanyia dhihaka. Mama 157 akanifafanulia kwa vidole. Ukilazwa chali, timu ya adui inachukua pointi sita. Ukishindwa kwa pointi chache tu, wanachukua tatu. Mwanangu alikuwa amebanwa dakika nzima, mgongo umeinama kama upinde, akakataa kulala. Ameshindwa, na amewaokolea wenzake tatu.

Tangu hapo nikapata neno langu. Akiwa chini nilikuwa napiga kelele, "Simama! Simama, Papa!" kwa sababu hilo ndilo anatakiwa afanye, asimame ajinasue. Baada ya mechi tatu safu yetu yote ilikuwa inapiga kelele "Simama!", Baba 190 kwa lafudhi ya kutisha. Tuliona tuna siri, adui hasikii.

Mpaka Januari, kwenye mashindano ya Jumamosi ya shule nyingi. Mwanangu yuko juu, amembana mtoto mmoja mweusi mrefu, na mimi kwa mara ya kwanza nimetulia. Ghafla kutoka ng'ambo ya ukumbi sauti ya mama ikapasua: "Simama, mwanangu! Usikubali! Simama!" Mwanangu alishtuka, nakwambia, akafikiri ni mimi. Akalegeza mkono. Yule mtoto akasimama, akageuka, akamwangusha. Tulishindwa kwa pointi moja, na sina wa kumlaumu ila lugha yangu mwenyewe.

Nilimtafuta yule mama. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya koti la baridi. Tukaangaliana, tukaanza kucheka hata kabla ya kusalimiana. Nyarugusu, naye. Zoni nyingine, lakini kisima tulichotekea maji kilikuwa kimoja. Vijana wetu wawili, masikio mekundu kwa kubanwa, walikaa pembeni wanakula ndizi na kutuonea aibu.

Mwisho wa mwezi ule kijana akaanza kurefuka. Suruali zilinionyesha kabla ya mizani. Kila wiki 132 ilikuwa ngumu zaidi, macho yakaingia ndani, akawa anamgombeza mdogo wake bila sababu. Sheria ilikuwa bado inamruhusu. Mimi nikasema basi. Yalibaki majuma machache ya msimu, na nilijua namwomba nini: kurudi 138 ni kurudi nyuma ya yule mwenye shingo ya kinu, timu ya pili. Hakuongea nami siku sita. Alikuwa anakula, sahani ilirudi nyeupe kila usiku, lakini kimya. Siku ya saba alisema tu, "Bugali limepoa," nikajua tumepita.

Mashindano ya jimbo yalifanyika Februari hapa hapa Des Moines, kwenye uwanja mkubwa wa ndani wa mjini. Mwanangu alikwenda kama mtazamaji, kumshangilia yule wa 138. Mikeka mingi kwa pamoja, hujui uangalie wapi. Nilimwona akijishika goti, mwili wake unakwenda na wa yule aliye chini, na mwenzake alipobanwa alisimama kwenye kiti akapiga kelele kwa Kiswahili. Yule wa 138, Mzungu wa watu, alisikia. Akasimama.

Ile mizani ya bafuni iko chini ya kitanda changu. Msimu ujao anasema ni 150, na kwamba nisipunguze mawese. Juzi shemeji yangu alikuwa anasafiri kwenda Bujumbura akaja kuiazima kupimia masanduku, kilo 23 kila moja. Kijana ndiye aliyepanda nayo, sanduku mikononi, akatoa uzito wake, akatutajia kilichobaki bila kuangalia karatasi.