Siku niliyomkabidhi mama faili lake

Januari 2020 nilikua nimeshaamua, leseni ya uwakili sihuishi tena, naenda kukaanga kahawa na rafiki yangu pale Pasua, Moshi. Kilichonikaba haikua leseni wala joho, ilikua faili moja la mama wa Kibosho.

Kesi ya kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga. Kwa mtu wa Kilimanjaro hapo sihitaji kueleza sana, migomba, kahawa, makaburi ya wazee pale pale nyuma ya nyumba, mume kafariki na mashemeji wanasema mwanamke harithi kihamba. Tulipambana miaka minne kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya tukashinda, mama akalia pale nje kwenye benchi akaniita mwanangu. Mashemeji wakakata rufaa Mahakama Kuu, na huko jaji wala hakufika kwenye nani mwenye haki, alipekua kumbukumbu za kesi akakuta maoni ya wazee wa baraza, wale wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza shauri, hayakusomwa mbele ya pande zote mbili kabla ya hukumu. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura 216, kifungu cha 23 ilitaka mwenyekiti akae na wazee wasiopungua wawili na watoe maoni yao kwanza ndo aandike hukumu. Basi yote yakafutwa, shauri lianze upya, mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Sheria yenyewe naitetea hadi leo, wale wazee ndo sauti ya watu wa kawaida mle ndani. Ila kosa lile halikua la mama, na aliyelipa ni mama. Nilipomaliza kumweleza alikaa kimya, halafu akauliza, "Na wale mashahidi wangu wawili waliokufa, itakuaje?"

Sikua na jibu. Nadhani uwakili ulinitoka pale pale, miezi kadhaa kabla sijamwambia mtu yeyote.

Siku ya kumkabidhi faili alishuka na daladala asubuhi na mapema, kabeba ndizi kwenye kikapu maana alijua tunaenda kupanga mashahidi. Nikamwambia naacha kazi, nimeshaongea na wakili mwenzangu atakusimamia na hatakudai hela mpya, nimemlipa mimi.

"Wakili, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu mama yangu. Nimechoka, na mtu aliyechoka hafai kukushikia kihamba."

Hakujibu. Akafungua faili akaanza kuhesabu risiti moja moja, na nyingine aliziandikia kwa penseli nyuma aliuza nini siku hiyo ili alipe, debe la mahindi, mbuzi, kuku wawili. Miaka yote ile sikuwahi kuzigeuza zile risiti.

Akafunga, akauliza siku ya kesi ntakua wapi. Nikasema ntakuja.

Nikaenda kweli, nikakaa naye benchi la nyuma, nguo zinanuka moshi wa kahawa. Karani alipoita namba ya shauri wakili mpya akasimama, na mimi nikajikuta nimesimama, mama akanivuta shati taratibu nikakaa.