Fomu Iliyonuka Dagaa

Fomu ya kudropu kozi ilikuwa ukurasa mmoja tu: jina, namba ya usajili, kozi unayoiacha, sababu, halafu sahihi mbili, ya mhadhiri na ya mkuu wa idara. Ijumaa usiku, getoni kwetu Mkolani, Mwanza, niliijaza yote isipokuwa mstari wa sababu. Niliandika "ngumu", nikafuta.

Ilikuwa 2014, mwaka wa kwanza chuoni. Nilitokea HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, na hisabati tuliagana kidato cha nne kwa D, hakuna aliyemkumbuka mwenzake. Takwimu ilikuwa opsheni. Niliichukua kwa kiherehere, nikaambulia 5 kwa 20 kwenye testi ya kwanza. Wenzangu hawakuzunguka: dropu mapema, la sivyo utasapu, yaani utarudia mtihani.

Ile 5 haikuniuma kama namna nilivyoipata. Tulipewa namba kadhaa, tuoneshe zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye wastani. Nikatoa wastani kwenye kila moja, nikajumlisha: sifuri. Nikakata. Nikarudia: sifuri tena. Swali la alama zote hizo jibu lake sifuri? Nikakata tena, muda ukaisha.

Jumamosi nikaenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kumsaidia shangazi. Ana kibanda cha dagaa pale, na ukiamka na mawazo, harufu ile huyafukuza, au angalau huyachanganya.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Chuo hawali?"

Shangazi hahesabu mwezi kwa kalenda. Yeye ana giza na mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa; giza likiwa totoro wanaifuata taa, mitumbwi inarudi imejaa. Mbalamwezi ikikomaa mwanga umetapakaa ziwa zima, taa haina maana, wavuvi wanalala. Siku hiyo alitaka kujua aagize magunia mangapi kwa mtu wake wa Ukerewe. Mwezi uliopita, wiki ya kwanza aliuza magunia 12, wiki iliyofuata 7, kisha 3, kisha 10.

Karatasi niliyokuwa nayo ilikuwa ile fomu. Nikaigeuza. Jumla 32, gawa kwa nne.

"Nane. Agiza nane kila wiki."

Alicheka mpaka jirani akageuka. "Wiki ya mbalamwezi hizo nane utakwenda kunivulia wewe? Na za giza nikichukua nane, wateja wangu si wanahamia kwa huyu?"

Kwa kujitetea nikaandika kila wiki ilivyoachana na nane. Ya kwanza imezidi 4. Ya pili imepungua 1, ya tatu 5. Ya nne imezidi 2. Zilizozidi sita, zilizopungua sita. Sifuri yangu ile ile, imenifuata mpaka sokoni.

"Shangazi, mbona inatoka sifuri?"

"Si umepimia katikati?" Akanyoosha kidole kwenye mizani bila hata kunitazama. "Katikati lazima pande zilingane. Ila usiniambie sifuri maana yake mambo shwari. Wiki ya tatu nilikopa."

Ndipo nikaelewa kwa nini mhadhiri alikuwa akizidisha kila tofauti kwa yenyewe ubaoni, jambo nililolinakili wiki mbili kama dua ya lugha nisiyoijua. Ukifanya hivyo alama ya kutoa inapotea, na ile wiki ya kukopa haifichwi tena na wiki ya neema. 16, 1, 25, 4. Hiyo 25 ndiyo mbalamwezi ya shangazi.

Fomu nyingine ningeweza kuchukua Jumatatu, zilikuwa za bure. Nilifika hadi kwenye korido. Lakini badala ya idara nikabisha kwa mhadhiri na karatasi yangu ya testi. Akaikagua, akauliza, "Hii sifuri uliikata ya nini?" Nikasema nilidhani nimekosea. Akaguna, akanivutia kiti.

Sikugeuka bingwa. Nilimaliza na C, na GPA ya mwaka ikagoma 3.4. Apa sekondi, daraja la pili la juu la shahada, inaanzia 3.5, na najua fika ni kozi gani iliyonikosesha. Bado hesabu hiyo huwa naipiga.

Fomu ilibaki kwa shangazi. Nilipopita tena Mwaloni ilikuwa imening'inia kwenye msumari, chini ya mahesabu yangu ameorodhesha wanaodaiwa. Mstari wa sababu ulikuwa bado mtupu.