Ritifaa iliyopinda ndani ya msimbo

Kwa timu za programu hapa Nairobi zinazotaka msimbo uwe wa ASCII pekee (herufi za Kiingereza, tarakimu na alama za msingi), alama inayovunja sheria hiyo mara nyingi si emoji. Ni ritifaa ya ng'. Word na iPhone huipinda zenyewe, ' ikawa ’ (U+2019), mtu akainakili hadi kwenye msimbo, na Ng’ang’a wa kwenye jaribio halingani tena na Ng'ang'a wa kwenye hifadhidata. Kwa macho utaapa ni yule yule.

Hasara hufika hadi kwenye bili. SMS ya kawaida hubeba herufi 160. Ikiingia ’ moja tu, ujumbe wote unahamia UCS-2, usimbaji wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi inashuka hadi 70, au 67 kwa kila kipande zikiunganishwa. Kiolezo cha herufi 150 kilicholipiwa SMS moja sasa ni tatu.

Ukaguzi wa kukamata alama zisizo za ASCII, kwa git grep (amri ya kutafuta ndani ya faili za mradi), ni mfupi:

```
rc=0
LC_ALL=C git grep -nIP '[^\x00-\x7F]' -- '*.py' '*.js' ':!tafsiri/' || rc=$?
test $rc -eq 1
```

LC_ALL=C inasoma baiti moja moja. Wengi huweka `!` mbele ya amri na kuondoka, nami sishauri. git grep hurudisha 0 ikipata kitu, 1 isipopata, na namba nyingine ikishindwa kufanya kazi, kwa mfano git iliyojengwa bila PCRE, maktaba ya ruwaza ambayo -P inaihitaji. `!` inageuza kushindwa huko kuwa kufaulu, na CI, mfumo unaokagua msimbo wenyewe kila unapobadilishwa, inabaki kijani huku haikagui chochote. Tia ’ kusudi kwenye faili moja uone kama inakataa.

Ruff, kikaguzi cha msimbo wa Python, ina kanuni RUF001 hadi RUF003, lakini hizo hukamata alama zinazofanana na nyingine tu, ũ itapita. Ukaguzi wa baiti hukamata pia U+202E, ile ya kugeuza mwelekeo wa maandishi, ambayo hatari yake ya kuficha msimbo hasidi ilitangazwa 2021 kama CVE-2021-42574.

Folda ya tafsiri iache nje. Gĩkũyũ bila ĩ na ũ ni makosa ya tahajia, na majina ya wateja hayana kosa lolote: yapokee kwa UTF-8, uyasawazishe kwa NFC (umbo moja la Unicode kwa kila herufi), maana ĩ yaweza kuwa U+0129 au i ikifuatwa na U+0303. Msimbo ukihitaji ’ kweli, andika `"\u2019"`.

Usisafishe faili za zamani kwa sed (amri ya kubadilisha maandishi) ya jumla inayogeuza kila ’ kuwa '. `'Ng’ang’a'` itakuwa `'Ng'ang'a'`, nukuu ifungike baada ya Ng, na programu igome kabisa. Badilisha nukuu za nje ziwe `"` kwanza.