Betri ya volti 12 ndiyo iliyonichagulia aisi ya amplifaya

Mjomba wangu anafundisha madrasa Mkuranga, ndani ndani, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Ana paneli moja ya sola na betri ya volti 12. Watoto wameongezeka, wa nyuma hawamsikii tena. Akanipigia: "Mjomba, nitengenezee kitu cha kunisaidia sauti. Isipasuke tu."

Kwa mazoea nikaanza na TDA2030A. Ndiyo aisi (chipu ya kukuza sauti) niliyojifunzia ufundi: miguu mitano, bei ndogo, Kariakoo huikosi. Karatasi yake ya vipimo inasema wati 18, nikaona zimetosha na kubaki. Nikaifunga, nikaunga spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani). Sauti ya chini ilikuwa safi kabisa. Nikiongeza kidogo tu, inapasuka.

Nikarudi kwenye karatasi, safari hii nikaisoma kwa utulivu. Wati 18 zile zinapatikana kwa umeme wa jumla ya volti 32 na spika ya omu 4. Volti 12 ndicho kiwango cha chini kabisa cha aisi hiyo, na betri ya mjomba ikifika usiku inakuwa chini ya hapo. Nikapiga hesabu: kwa spika yangu ilikuwa inatoa wati moja na kitu. Kwa darasa lile ni kunong'ona.

Nikahamia TDA7297. Hii inasukuma waya zote mbili za spika: volti ya mmoja ikipanda, ya mwenzake inashuka. Spika inapata karibu volti maradufu, na kwa kuwa wati zinakwenda kwa mraba wa volti, nguvu inafika karibu mara nne. Inakubali volti 6.5 hadi 18, kwa hiyo hata betri ikichoka inaendelea. (Angalizo: usiguse hasi ya betri kwa waya wowote wa spika, unaweza kuiharibu.) Niliipenda sana. Sauti ilijaa chumba.

Lakini kipoza joto kilichemka hadi nikaondoa kidole. Joto lile ni chaji ya mjomba inayopotea. Nikaweka amita (kipima mkondo), nikapiga toni moja kutoka kwenye simu: ampia 1 na kidogo. Nikaunga bodi ya TPA3116D2, aisi ya aina nyingine inayowasha na kukata umeme kwa kasi ili isipoteze mwingi kama joto, nikarekebisha sauti ilingane: nusu ampia, na kipoza vuguvugu tu. Bodi hiyo niliinunua imeshatengenezwa, maana miguu yake 32 imebanana mno kwa kifaa changu cha kulehemu. PAM8610, aisi nyingine ya aina hiyo, nayo niliifikiria, ila mwisho wake ni volti 15, na sola ikichaji kwa nguvu inapandisha hadi 14.4. Sikutaka kuishi ukingoni hivyo.

TPA3116D2 ndiyo iliyokwenda Mkuranga, na bodi ndogo ya maikrofoni mbele yake, na fyuzi ya ampia 3 jirani na kichwa cha betri. Siku ya pili mjomba akasema redio yake ya masafa ya kati inakoroma amplifaya ikiwashwa. Ni kweli, aisi hii inakata umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na mkato huo unavuja kupitia waya za spika. Nilizifupisha, nikazisokota pamoja, redio tukaihamishia dirisha la upande wa pili. Mkoromo ukaisha.